Bosi kanunua kompyuta mpya, databesi imegoma

Juzi dogo mmoja wa mtaa wa Gerezani, Dar, kanitumia meseji, shikamoo kaka, bosi kanunua kompyuta mpya na databesi ya stoo imegoma kufunguka, sasa ananiambia nimeiharibu mimi. Nikacheka kwanza, halafu roho ikaniuma maana hiyo kesi naijua.

Dogo, hujaharibu kitu. Kwa picha uliyonitumia faili lenu ni la Access 97, ile programu ya databesi ya Microsoft, toleo la zamani, na Access kuanzia 2013 haifungui mafaili ya 97, ukibonyeza hata mara mia. Ya 2010 bado ilikuwa inayapokea. Kwa hiyo tafuta mashine yenye Access 2003 au 2010, piga kopi ya faili pembeni kabla hujagusa kitu, fungua hiyo kopi, uihifadhi kama mdb (muundo wa zamani wa mafaili ya Access) ya 2002-2003, hapo ndo uipeleke kwenye mpya.

Mimi kuna mzee wa duka la spea Kariakoo nilimwambia hivihivi, akaja fundi mwingine kapiga tai na laptopu yake nyembamba, akamwambia mzee hiyo takataka tupa, tuandike stoo upya, na huyu jamaa yako ni wa kizamani. Mzee akanitoa. Mbele ya vijana wa dukani jamani! Baadaye walivyochoka kuhesabu bolti na beringi nikapigiwa simu, "mwanangu uko wapi", nikaenda, na faili likafunguka jioni ileile. Yule fundi sijui yuko wapi siku hizi, na hela aliyokula haijarudi.

Na kuna kitu hata wajuaji wengi hawakiangalii. Toleo la 2007 lilileta muundo mpya, accdb, na humo ule ulinzi wa kila mtumiaji na ruhusa zake haumo tena, umebaki kwenye mdb tu. Yule mzee alikuwa hataki muuzaji aone bei ya kununulia, sasa ningeibadilisha kuwa accdb kwa sifa tu, kesho yake duka zima linajua faida yake. Nikaiacha mdb. Tatizo likabaki kwenye vitufe vya humo ndani ya databesi, maana Microsoft Office mpya ilikuwa ya biti 64 na msimbo wa zamani (maagizo yaliyoandikwa nyuma ya vitufe) unaoita vitu vya Windows kule haukubali mpaka kwenye ile mistari inayoanza na neno Declare uongeze neno PtrSafe na urekebishe aina za namba, au uweke ya biti 32 uendelee na maisha. Nikaweka ya 32.

Vijana mnapenda vipya mno. Menyu za Access zimebadilishwa zikawa utepe wa vitufe juu ya skrini, kila mtu kahangaika kutafuta kitufe, lakini kikomo cha faili kiko palepale GB 2 tangu Access 2000, sasa haraka ya nini? Piga kopi. Uliza faili ni la mwaka gani kabla bosi hajatoa hela. Halafu piga kopi nyingine, weka kwenye flashi, flashi usimpe mtu.

Dogo, angalia pia jina la faili linaishiaje. Kama ni mde, yaani lile lililofungwa msimbo wake usionekane, na sio mdb usipoteze muda kulibadilisha, halibadiliki, mtafute aliyelitengeneza akupe la mdb, na wahi asubuhi kabla bosi hajaiuza ile kompyuta ya zamani.