Kuunganisha miti ya mageuzi yenye spishi zisizolingana

Ndugu, umesema una miti mitatu ya mageuzi ya vyura (michoro ya undugu wa spishi), kila mmoja na spishi zake, na programu ya kutafuta mti wa makubaliano, yaani mti mmoja wa yale ambayo miti yote inakubaliana, imegoma. Lazima igome: njia hiyo ya kawaida hutaka miti yote iwe na spishi zilezile. Umeuliza pia kama miti hiyo inaweza kukupa mti wa maeneo wanakoishi vyura hao.

Jaribu MRP (Matrix Representation with Parsimony), yaani kuigeuza miti yote kuwa jedwali moja, njia iliyopendekezwa mwaka 1992 na Baum na Ragan, kila mmoja kivyake. Kila kifundo cha mti, yaani mahali tawi linapogawanyika, kinakuwa safu wima ya jedwali: spishi iliyo ndani ya tawi hilo ipe 1, iliyo nje 0, isiyokuwemo kabisa kwenye mti huo alama ya kuuliza. Ongeza mstari wa sifuri tupu uwe mzizi, kisha tafuta mti unaolieleza jedwali kwa mabadiliko machache zaidi kati ya 0 na 1. Angalia tu, mti mkubwa una safu nyingi, kwa hiyo huimeza midogo. Na kama miwili imetokana na jeni ileile, ushahidi mmoja umeuhesabu mara mbili, tupa mmoja.

Kwa swali lako la maeneo, usimbaji, yaani kujaza 1 na 0, ni huohuo, ila mahali pa spishi unaweka eneo inakoishi. Spishi iliyoenea kotekote ndiyo itakayokusumbua.

Ila kama data za DNA zenyewe unazo, mimi ningeanza kwa kuunganisha hizo.