Kifua kilibana saa nne usiku, tukaenda hospitali alfajiri

Swali: Shikamoo dokta. Baba yangu ana miaka 58 na ana kisukari. Usiku alibanwa kifua akatoka jasho jingi. Tukadhani ni vidonda vya tumbo, tukampa dawa ya gesi na kusubiri kukuche. Hospitali wamesema ni mshtuko wa moyo, sehemu ya msuli haifanyi kazi. Tungewahi ingesaidia? Na mbona ECG (kipimo cha umeme wa moyo) ya kwanza haikuonyesha kitu?
Msomaji, Morogoro

Jibu: Marahaba. Ndiyo, ingesaidia, sitakuficha. Lakini dalili hizi huwapotosha hata wahudumu wa afya, hasa kwa mgonjwa wa kisukari: neva zikishaathirika, maumivu huwa hafifu, anabaki na jasho, kichefuchefu au pumzi kumbana.

Damu iliyoganda huziba mshipa unaolisha moyo. Kwenye nusu saa hivi msuli huanza kufa, na eneo hilo huzidi kutanuka. Tiba ni kuufungua mshipa, ama kwa katheta (mrija mwembamba unaopitishwa ndani ya mshipa) na stenti (kijibomba cha wavu kinachoachwa humo ili usizibe tena), kama wanavyofanya Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili, ama kwa dawa ya kuyeyusha bonge la damu. Dawa hiyo hutolewa ndani ya saa 12 tangu maumivu yaanze, ila saa hizo zisiwape watu moyo wa kusubiri. Faida yake kubwa iko kwenye saa mbili tatu za mwanzo.

Kuhusu ECG: huonyesha hali ya dakika ileile tu. Mshipa usipoziba wote, au tatizo likiwa upande wa nyuma wa moyo, karatasi ya kipimo inaweza kutoka safi. Ndiyo maana kipimo hurudiwa, na troponini (protini inayovuja msuli wa moyo ukiumia) hupimwa kwenye damu zaidi ya mara moja, kwani huchukua saa kadhaa kupanda. Mkiambiwa mrudi nyumbani kwa karatasi moja huku kifua bado kinabana, gomeni.

Ikitokea tena, mkalisheni, asitembee. Atafune aspirini miligramu 300 kama haimdhuru na hatoki damu tumboni. Tafuteni gari (bodaboda hapana) hadi hospitali yenye ECG, msianzie duka la dawa.

Kwa sasa asiache dawa hata moja bila daktari wake kujua. Baada ya wiki 6 hivi ombeni arudiwe kipimo cha eko (ultrasound ya moyo): msuli mwingine huwa umezimia tu, haujafa, na nguvu zake hurudi.