Usilipe hiyo safari ya Aldabra ya Julai kabla hujajua upepo unatoka wapi

Mleta mada, usitume hicho kianzio. Kama umeshafungua programu ya benki, ifunge.

Nimesoma andiko lako lote. Unataka kumpeleka bi mkubwa, amestaafu ualimu, akale raha kwenye meli ndogo ya msafara: Unguja, Aldabra (vile visiwa vya kobe vya Shelisheli), halafu Mahé, kisiwa chao kikuu. Julai. Punguzo la asilimia 40. Na unatuuliza achukue chumba cha juu au cha chini, ubebe kamera gani, chakula halali kipo, nguo gani zinafaa, na Shelisheli wanasumbua mlangoni au hapana. Watu wamekujibu kurasa mbili nzima, wengine wanabishana kuhusu lenzi. Hakuna hata mmoja aliyekuuliza Julai unavuma upepo gani!

Ni kusi, mkuu. Na siyo kusi linaloanza wala linaloisha, ni lenyewe hasa, usiku na mchana toka kusini-mashariki. Sasa chukua ramani. Ukitokea Unguja, Aldabra iko mashariki, ikivutika kusini kidogo. Kwa hiyo meli yako itakwenda pua ikiwa imeelekea upepo unakotoka, takriban maili 470 za baharini, bila kisiwa hata kimoja njiani cha kujificha nyuma yake. Na mkondo wa bahari nao unakuja pwani kwetu kutoka huko huko mashariki, ukifika unapanda kaskazini, na wakati wa kusi ndiyo unakaza. Upepo puani, mkondo puani. Wazee wa majahazi hawakuwa na kabrasha la rangi wala punguzo, lakini jambo hili walilijua: kwa kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini-mashariki, vyombo vinashuka toka Uarabuni, kwa kusi vinarudi. Hukuti nahodha wa jahazi aliyetweka tanga Julai aelekee kusini-mashariki ili abiria wake wakapige picha.

Mimi nilikwenda. Julai hiyo hiyo, njia hiyo hiyo, punguzo kama hilo hilo. Na mimi ni mtoto wa Tanga, nimekulia Chumbageni, bahari naiona toka sijajua kusoma. Cheka sasa hivi umalize, nikipata nafasi nami nitakucheka kwa jambo lako jingine.

Yule bwana wa wakala simtaji, ofisi yake bado ipo na kiyoyozi chake kizuri tu. Nilimuuliza waziwazi: bahari inakuwaje mwezi huo? Akanijibu bila kupepesa macho, "Julai hakuna mvua kabisa, ndiyo msimu bora." Nikaridhika, kwa sababu kweli Julai mvua ni chache. Baadaye sana ndipo nikaelewa alichofanya. Yule maisha yake yote anauza Serengeti. Kwenye mbuga, Juni hadi Oktoba ndiyo msimu bora: nyasi fupi, barabara kavu, nyumbu wanavuka mto Mara. Kalenda ile ile ameinyanyua ukutani akaja kuibandika baharini. Msimu bora wa nyumbu, mkuu! Nyumbu havuki Bahari ya Hindi. Ukavu na utulivu ni vitu viwili tofauti, na kwa pwani yetu hii mara nyingi vinapishana, lakini kwenye kabrasha vyote vimepewa alama ile ile ya jua linalotabasamu.

Wakubwa wa biashara hii, meli zenye wataalamu wao wa ndege na matumbawe, Aldabra wanakwenda zaidi miezi ya kati ya Novemba na Aprili. Ukiona meli inakwenda Julai kwa bei ya kutupa, hiyo bei imeshakwambia. Mimi nilidhani nimebahatika.

Sasa nikupe ilivyokuwa, ili ukimfikiria mama yako umfikirie humo ndani. Tulitoka bandarini alasiri, tukala vizuri, watu wanapiga picha magharibi. Mara tu tulipoipita Kizimkazi, ncha ya kusini ya Unguja, kisiwa kikaacha kutukinga, tukakutana na kusi. Wahudumu wakaanza kumwagia maji vitambaa vya meza. Nikajua wamechanganyikiwa, kumbe ni ili sahani zisiteleze. Korido nzima wamechomeka mifuko ya karatasi nyuma ya vishikio vya ukutani, kila hatua chache mfuko, na asubuhi yake vishikio vilikuwa vitupu. Madirisha ya vyumba vya chini yakafungwa kwa vifuniko vya chuma. Pua ya meli inapanda, inapanda, halafu inaachiwa, na inapopiga maji huku nyuma pangaboi linalosukuma meli linachungulia juu ya maji, injini inapiga kelele na kitanda kinatetemeka mpaka magego. Dawa ya kuzuia kutapika nilikuwa nayo. Nilimeza. Ilirudi na chai.

Sebuleni kulikuwa na runinga inayoonyesha kishale cha meli juu ya bahari tupu, na kando yake kasi. Kabrasha liliahidi maili 12 za baharini kwa saa. Nikasoma: 5 na ushee. Nikakaa pale nimeshika meza kwa mikono miwili, nikapiga hesabu ya shule ya msingi. Maili 470 kwa mwendo wa 12 ni kama saa 39, unalala siku mbili unaamka kwenye kobe. Kwa mwendo wa 6 ni saa 78, zaidi ya siku tatu za kumeza na kurudisha. Na hapo ndipo pesa yako inapofia, siyo kwenye kutapika. Kutapika kunaisha.

Kwa sababu meli ya namna hii haina siku za akiba. Mahé kuna abiria wengine wanasubiri kupanda, na nyinyi mna ndege za kuwahi. Kushuka Aldabra kunahitaji kibali cha Seychelles Islands Foundation, ndio wanaosimamia kisiwa, na kibali kina tarehe zake, hakikusubiri. Ukichelewa siku moja na nusu baharini, kitu cha kwanza kukatwa ni kile kile ulichokilipia. Nahodha wetu alituita, akaongea kwa upole, akasema hatasukuma meli zaidi ya hapo, tunageuza. Yeye simlaumu hata kidogo, na kama angeng'ang'ania ningemlaumu zaidi. Tulipogeuza, upepo ukawa mgongoni, ghafla kimya, vijiko vimetulia mezani. Ukweli ni kwamba nilifurahi. Ndiyo inayoniuma mpaka leo: nimelipa pesa ambayo ingesimamisha msingi wa nyumba pale Pongwe, halafu nafurahi kurudi nyumbani.

Tukaenda kujibanza upande wa magharibi wa Mafia, mkabala na Kilindoni. Kufidia, wakatangaza tutatoka kumtafuta papa potwe. Papa potwe pale anaonekana zaidi kuanzia Oktoba hadi mwezi wa pili, wa tatu. Julai tulitafuta maji. Ufukweni nikamkuta mzee mmoja anashona wavu, nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaniuliza ile meli ilikuwa inakwenda wapi. Nikamwambia Shelisheli. Akatazama bahari, akanitazama mimi, akasema, "Na kusi hili?" Akaendelea kushona. Ushauri wa bure kabisa, na mimi nilikuwa nimeshamlipa mtu mwenye kiyoyozi.

Kuhusu kurudishiwa pesa: soma mkataba wako leo, ule wa maandishi madogo. Tafuta sentensi inayosema kwamba njia ni pendekezo tu, nahodha anaweza kuibadili kwa sababu ya hali ya bahari, na mabadiliko hayo hayarudishi fedha. Itakuwepo, kila mkataba wa namna hii unayo, na kwa usalama ni sawa iwepo. Lakini ina maana hatari yote ya kusi umeibeba wewe, na wakala kachukua kamisheni yake akiwa nchi kavu. Bima yangu ilikuwa nzuri: hospitali, hata kubebwa kwa ndege nikivunjika. Kubadilishwa njia, hapana. Tiketi yangu ya ndege ya kutoka Mahé ikaruka bila mimi. Wakanipa kuponi ya punguzo kwa safari ijayo. Ipo droo.

Kobe wa Aldabra niliwaona lakini. Wapo kisiwa cha Changuu, hapo mbele ya Forodhani, Unguja, wazazi wao waliletwa zawadi kutoka Shelisheli mwaka 1919. Boti ya nusu saa. Niliwalisha majani huku nikijaribu kutofikiria bei.

Sikwambii usiende. Aldabra inastahili, na ndiyo maana nina hasira. Ni matumbawe yaliyoinuka juu ya maji yakawa visiwa, yamezunguka ziwa la bahari. Kobe wakubwa zaidi ya 100,000, ndege wa ardhini asiyeruka, hoteli hakuna, uwanja wa ndege hakuna, wa karibu uko kisiwa cha Assumption. UNESCO waliiorodhesha 1982. Maji yakipwa, sehemu kubwa ya ziwa inajimwaga nje kupitia milango michache, yakijaa yanarudi na samaki wake, na watu wanaachia miili waburuzwe na mkondo ndani ya mlango huku wamevaa miwani ya kuzamia. Hapo uliza na jambo la pili, tarehe zenu zinaangukia bamvua (maji makubwa) au maji mafu (madogo), maana boti za mpira zinaingia na kutoka kwa saa za maji, siyo saa za kifungua kinywa. Lakini hilo ni dogo. La kwanza upepo.

Mpeleke Novemba, kusi likiwa limekufa na kaskazi halijashika, au Machi kuelekea Aprili, pale kaskazi linapokufa na kusi halijashika. Bahari inalala. Utaambiwa huku kwetu ni vuli au masika. Sawa, atalowa. Mvua haimtapishi mtu. Utaambiwa pia kuna vimbunga, na hapo usimcheke anayekwambia, kwa sababu ni kweli: Fantala alipiga visiwa vya Farquhar, Shelisheli, Aprili 2016, Kenneth akapita Komoro na kuingia Msumbiji Aprili 2019, Chido akaivunja Mayotte Desemba 2024, na Hidaya alifika mpaka Mafia Mei 2024. Tofauti ni kwamba kimbunga kinaonekana kwenye utabiri siku kadhaa kabla na meli inakikwepa. Kusi la Julai halihitaji utabiri, lipo kila mwaka, na hulikwepi kwa kwenda kulikabili.

Na kama likizo yako ni Julai tu na haibadiliki, basi geuza safari. Pandeni Mahé, mshukie Unguja. Kipande cha kwanza kusi litawapiga ubavuni, meli itakwenda mrama, siyo raha kwa mama wa umri huo, ila meli itatembea. Kutoka Aldabra kuja kwetu upepo unakuwa nyuma na mkondo unawasukuma. Maji yale yale, meli ile ile, mwelekeo tu. Lakini wakala anayekuuzia njia hii kwa mwelekeo huu mwezi huu, ama hajui ama anajua, na sijui kipi kibaya zaidi.

Chumba: cha katikati ya meli, chini. Siyo cha mbele hata ukipewa bure. Muulize mama magoti yake yakoje, kwa sababu kushuka kwenye boti ya mpira ni ngazi ya ubavuni huku boti inapanda na kushuka, na ufukweni unarukia majini. Mengine uliyouliza nimeyasahau, watakujibu wa lenzi.

Halafu mwandikie wakala leo, kwa maandishi, siyo kwa simu: mwezi huu kusi lina nguvu gani njiani, mwaka jana safari hii hii ilishusha abiria Aldabra au iligeuza, na ikigeuza tunarudishiwa nini. Najua jibu atakaloanza nalo. Atakwambia usijali, meli ina vidhibiti vya kuzuia mrama. Mimi pia niliambiwa. Ni mapezi ya ubavuni, yanapunguza kulala huku na huku tu, tena meli ikiwa na kasi. Pua ikipanda na kuanguka hayasaidii kitu, na kwa maili 5 kwa saa hata hiyo ya ubavuni yanaisaidia kwa shida. Mjibu hivyo, kisha ulete hapa atakachosema baada ya hapo.