Roketi za sauti? Sauti ya nani?

SWALI: Mwalimu, nimesoma mahali: "Roketi za sauti za kwanza zilichunguza anga za juu." Je, ni "anga za juu" au "anga la juu"? (Msomaji, Malindi)

JIBU: Anga itasubiri, ndugu yangu. Hiyo "roketi za sauti" umeipitaje bila kujikwaa? Roketi hunguruma, sawa. Mchi nao hutwanga kwa kishindo, na sijasikia mtu akienda kwa jirani kuazima mchi wa sauti.

Kwa Kiingereza huitwa "sounding rockets". Mfasiri kaona "sounding", kashika maana ya kwanza iliyomjia. Neno hilo Waingereza walilitoa kwa Wafaransa, na ni la mabaharia: kupima kina cha maji. Sisi tuna bildi! Nahodha akiingia maji asiyoyaamini, baharia hutupa bildi, kipande cha risasi kwenye kamba yenye alama za pima. Chini ya risasi hupakwa mafuta mazito, ipande na mchanga au tope, nahodha ajue yuko juu ya nini. Kina na chembe ya mchanga, basi. Roketi hizi ni bildi inayotupwa juu.

Mwaka 1946, pale White Sands, jangwani New Mexico, Wamarekani walichukua makombora ya V-2 waliyoteka kwa Wajerumani, pa bomu wakaweka vipimo. Oktoba, moja ilipanda na kamera hadi kilomita 105 hivi, ikaanguka jangwani ikasambaratika. Filamu ikapona ndani ya kasha la chuma. Huo ndio mchanga wa bildi yetu! Juni 1962 roketi nyingine, Aerobee, ilikaa juu ya kilomita 80 kwa dakika zisizotimia sita, ikanasa eksirei kutoka kundinyota la Nge. Kwa kazi iliyoanzia hapo, mwanafizikia Riccardo Giacconi alipata tuzo ya Nobel mwaka 2002. Sauti iko wapi?

Na wewe ni wa Malindi! Mwaka 1964 Waitalia walirusha roketi ya namna hiyo, Nike-Apache, kutoka jukwaa la baharini, Ghuba ya Ungwana, kwenye maji yaleyale ya majahazi na bildi zao.

Andika "roketi za kupimia anga". Mwenye ujasiri aandike "roketi bildi"; nitampigia makofi, hata nikiwa peke yangu.

Ah, swali lako. Mimi husema "anga la juu". Lakini "anga za juu" imeshaenea hadi kwenye taarifa ya habari, nami nimechoka kuifukuza. Iandike tu.