Uliza Mwalimu: Vizibo, kelele na daftari tupu

*Shikamoo mwalimu. Nafundisha darasa la kwanza kwenye shule moja ya msingi wilayani Kahama. Nina watoto 94 katika chumba kimoja na madawati hayatoshi. Chuoni tuliambiwa mtoto wa umri huu ajifunze kwa kushika na kutenda, basi nikaleta vizibo, vijiti na mbegu. Nilichopata ni kelele. Vizibo vinarushwa dirishani, kengele inagonga hatujafika popote. Mwalimu mkuu ameniuliza kama nafundisha au nachezesha, na wazazi wanalalamika kwamba madaftari ni matupu. Nirudi kwenye ubao na chaki tu? (Mwalimu wa la kwanza, Kahama)*

Marahaba, mwanangu. Vizibo usivitupe, na mwalimu mkuu usimnunie. Hata mimi ningekuuliza vivyo hivyo.

Tuanze na kelele. Ukiwapa watoto 94 vizibo kwa mkupuo, hata aliyelelewa madrasa atarusha kimoja. Wagawe sita sita, upate makundi 16, mawili kati yao yakiwa na watano. Wakae chini, kwa kazi hii sakafu ni bora kuliko dawati la kuinama, vitu havidondoki. Kila kundi liwe na kopo lake la maziwa ya unga lenye alama, ndani vijiti 30 na si zaidi. Kiongozi wa kundi analifuata kopo, analirudisha, na kabla ya kufunika anahesabu wenzake wakimsikia. Kijiti kikipotea, kundi zima linakitafuta. Siku za mwanzo usifundishe kingine chochote: kufungua, kumwaga, kuhesabu, kurudisha, basi. Na maelekezo yako yaishe kabla makopo hayajafunguliwa, maana mtoto mwenye kitu mkononi hana masikio.

Vizibo vya soda vigonge kwa jiwe mpaka meno yalale, vinakata. Halafu umetaja mbegu bila kusema mbegu gani. Mahindi na maharage hayana neno, ingawa panya wa stoo watakushukuru. Choroko ni ndogo mno, zitaishia puani. Ila zile nyekundu zenye doa jeusi, za mtipitipi, ambazo watoto wanazipenda kupita zote, zisikanyage darasani. Zina sumu kali zikitafunwa. Mbarika nazo hivyo hivyo.

Sasa hilo la kufundisha na kuchezesha. Waambie watoto wako waandike ishirini na tatu. Nakuhakikishia wapo watakaoandika 203, na si wajinga: wamesikia ishirini, wakaandika 20, wamesikia tatu, wakaongeza 3. Ubaoni utafuta na kusahihisha hadi chaki iishe, kesho watarudia. Wape vijiti 23. Wafunge kumi kwa uzi, wafunge kumi tena, vibaki vitatu. Chora mstari katikati ya kipande cha boksi. Mafungu yakae kushoto chini ya neno makumi, vijiti vilivyobaki kulia chini ya mamoja. Kisha uliza: kushoto kuna mafungu mangapi? Mawili. Kulia? Vitatu. Anayetaka kuandika 203 sasa aoneshe hiyo sifuri inakaa wapi. Watabishana, na ubishi huo uuache uchemke kidogo kabla hujasema neno.

Lakini usiishie hapo, na nahisi ndipo unapoishia. Walimu wengi wa vitendo huishia hapo: vijiti vinarudi koponi, kipindi kimekwisha. Mtoto ametoka na furaha, namba hajatoka nayo. Baada ya vijiti, achore alichokifanya, mistari mirefu miwili ya mafungu na mifupi mitatu. Chini ya picha aandike 23. Kipindi chenu ni cha nusu saa, basi dakika kumi za mwisho ni za penseli, hata kama kazi ya vijiti haijaisha. Baada ya wiki kadhaa anza kuwanyima vijiti wale wanaochora bila kuhangaika, na baadaye wanyime hata picha. Wengine watabaki na makopo mpaka muhula uishe, waache.

Hapo daftari la mzazi limejaa. Akiona picha za mistari badala ya hesabu ishirini zilizowekewa vema, huenda akanuna bado. Kwenye kikao cha wazazi usimpe hotuba. Mpe kopo, akae chini na wenzake watano, afunge makumi. Na kwenye andalio la somo andika wazi zana, hatua na dakika zake, ili mthibiti ubora akija asikute kitu cha kubahatisha. Hata mtaala wa KKK wa mwaka 2015, ulioweka kusoma, kuandika na kuhesabu mbele, haukuwa na marufuku ya vizibo.

Kwa kusoma, gharama ni maboksi tu. Kata kadi, andika silabi: ma, ka, ta, la, ba, halafu ndugu zao mi, ki, ti. Wapange mama, kata, bata, kima, waseme kwa sauti, wachore. Watoto wengi wa huko wanakuja na Kisukuma chao, kwa hiyo neno wasilolijua lionyeshe kwa kitu au picha kabla hawajalipanga, la sivyo wanaimba tu. Kwa wanaogeuza herufi, b ikawa d, omba mabaki ya msasa kwa fundi seremala. Maria Montessori, aliyefungua shule ya watoto wadogo, Nyumba ya Watoto, kule Roma mwaka 1907, aliwafuatisha watoto wake herufi za msasa kwa kidole. Udongo wa kichuguu nao unafinyangwa herufi vizuri, ukaushe kivulini usipasuke.

Kitu kimoja sikushauri, ingawa vyuo vinakipenda: duka la darasani lenye bei za kweli. Sarafu ndogo anayoijua mtoto ni ya shilingi 50, pipi mbili zinampeleka 100, na yeye bado anafunga makumi. Uza kwa vizibo. Chumvi vizibo vinne, sabuni saba.

*Mwalimu, mwanangu wa la kwanza anahesabia vidole. Baba yake anamchapa viganja, anasema ni uzembe. Nifanye nini? (Mama, Morogoro)*

Mwambie baba mtoto aache mara moja. Vidole ni vijiti kumi ambavyo havipotei, na katika umri huo ni halali kabisa. Mtoto ataviacha akishajua kwa kichwa namba zinazokamilisha kumi: saba na tatu, sita na nne. Mkichambua maharage jioni, hesabu kumi mbele yake, funika baadhi kwa bakuli, muulize yaliyofichwa ni mangapi. Afunue mwenyewe ahakiki. Kisha zamu yake afiche, na baba ndiye ajibu.