Noti ya elfu hamsini iliyogeuka deni

Mdogo wangu, umeuliza kama ufute zile programu za muhula wa kwanza, yaani kikokotoo, mchezo wa kubahatisha namba na orodha ya wanafunzi, kwa sababu ukizitazama sasa unaona haya. Usizifute. Zangu nimezifungua wiki iliyopita kutoka kwenye flashi iliyopoteza kifuniko, nikacheka mpaka mke wangu akaja kuuliza kuna nini.

Nilitoka Bukoba kuja kusoma Kampala sijawahi kumiliki kompyuta. Chuoni tulikaa watatu kwa mashine moja, na lugha ya programu iitwayo C tulifundishwa kwa Turbo C, programu ya kuandikia na kuendeshea C, ile ya skrini ya buluu. Ilishapitwa na wakati hata siku hizo, ila ilikuwa nyepesi na mashine zetu zilikuwa za kizee. Umeme ukikatika kabla hujahifadhi faili, unaanza upya.

Mchezo wa kubahatisha ulinifedhehesha mapema. Kompyuta ilitakiwa kuchagua namba kati ya 1 na 100, nami nikaita rand(), amri ya C inayotoa namba za kubahatisha, moja kwa moja, sijui kwamba usipotanguliza srand(), inayopanga pa kuanzia, mfululizo wa namba huanza palepale kila unapoiwasha programu. Wangu ulianza na 47, kila siku. Mwenzangu wa benchi aligundua kabla yangu, akanyamaza, akaanza kuwekeana dau na wenzetu: atakayepatia mara ya kwanza ananunuliwa rolex (chapati iliyoviringiwa mayai, kwa msio wa huku). Alikula rolex za watu siku tatu.

Orodha ya wanafunzi haina hadithi. Nusu niliinakili.

Lakini ile ya chenji sitaisahau. Tuliambiwa tuandike programu ya dukani: mteja ananunua vitu, analipa, kompyuta inasema chenji ni kiasi gani na itolewe kwa noti zipi. Mfano wa kitabuni ulikuwa wa dola, bei zote za kumi na ishirini. Nikabadilisha ziwe shilingi za Uganda, mwalimu akajaribu kwa 1,000 na 5,000, majibu yakatoka sawa, akanipa 17 kati ya 20. Nikajiona fundi.

Wakati huo niliishi kwa shangazi yangu Kansanga, mtaa wa Kampala, mwenye duka la rejareja. Jioni moja nikaazima kompyuta mpakato ya rafiki nikaenda kumwonyesha.

"Shikamoo shangazi. Leo nimekuletea mashine ya kuhesabu."

"Marahaba. Haya, mteja kachukua vitu vya elfu kumi na mbili, kanipa noti ya elfu hamsini."

Yeye jibu alikuwa nalo kichwani kabla sijamaliza kuandika: 38,000, noti moja ya 20,000, moja ya 10,000, moja ya 5,000, moja ya 2,000 na moja ya 1,000. Programu yangu ikaandika chenji ni -27,536, na kwamba arudishe noti -1 ya elfu ishirini.

Shangazi akavaa miwani, akasoma tena. "Sasa hapa anayedaiwa ni mimi au mteja?"

Usiku ule sikulala. Nilipanga upya mistari, nikabadilisha hesabu za kugawanya, hamna kitu. Nikaanza kuingiza namba moja moja: 20,000 sawa, 30,000 sawa, 32,000 sawa, 33,000 ikatoka hasi. Nikarudi nyuma kidogo kidogo mpaka 32,767. Ukiongeza moja tu, inageuka. Kumbe int ya Turbo C, yaani kisanduku cha kuwekea namba kamili, ina biti 16, na nusu ya nafasi zake ni za namba hasi, kwa hiyo ukuta wake ni 32,767. Ukiitia 50,000 inazunguka, unapata -15,536, yaani 50,000 ukitoa 65,536. Aliyeandika mfano wa dola asingegonga ukuta huo kwa kuuza sukari. Sisi noti yetu kubwa kuliko zote haiingii humo hata ikiwa peke yake!

Nikabadilisha int kuwa long, kisanduku kikubwa zaidi, ambayo inafika 2,147,483,647. Bado ikanigomea. Nilikuwa nimesahau kubadilisha alama ya %d (ya int) kuwa %ld (ya long) kwenye scanf, inayosoma namba, na printf, inayoiandika, kwa hiyo kisanduku kilikuwa kikubwa lakini mlango wa kuingilia na wa kutokea ulikuwa uleule mdogo. Hilo lilinila siku mbili zaidi, na ndilo lililonifundisha kusoma maandishi ya msaada badala ya kubahatisha.

Sasa nikiitazama ile faili naona mambo mengi ya aibu: majina kama x1, x2 na xx, na maelezo niliyoacha juu, "usiguse hapa, inafanya kazi, sijui kwa nini". Lakini kosa lenyewe nisingeliona kama ningechagua kazi ambayo jibu lake silijui. Shangazi alijua jibu. Ndiyo maana wewe, ukitaka kufanya kitu na zile programu zako badala ya kuzifuta, chukua hicho kikokotoo kipeleke kwa mtu anayehesabu pesa kila siku, muuza nyanya au konda wa taksi, mpe aingize namba zake mwenyewe. Usimsaidie. Kaa pembeni utazame.

Shangazi, kwa taarifa yako, aliitumia programu iliyorekebishwa jioni moja, kisha akarudia daftari lake.