Ngazi za bustani za mataruma ya zamani zinaoza, usipige plasta juu

Mkuu umeuliza kuhusu ngazi zako za bustanini huko Goba, zile za mataruma ya mbao ya reli, yaani magogo mazito yanayolazwa chini ya reli, zimeanza kuoza na fundi anataka apige plasta juu yake yaishe. Usikubali kabisa. Mbao ikilowa inavimba, ikikauka inasinyaa, plasta lazima ipasuke, halafu maji yakiingia kwenye nyufa hayatoki tena na mchwa ndo wanakula kwa raha zao.

Kwangu Makongo Juu nilikuta ngazi za hivyohivyo kwenye mteremko mkali nikazibadilisha. Anza kwa kupima. Chukua bisibisi bapa, usichome juu, juu huwa pagumu hata kama ndani pameisha, choma kwa mbele pale chini karibu na udongo na kwenye vichwa vya mbao. Kuna taruma moja kwangu ulikuwa unalikanyaga vizuri tu halitikisiki, ila bisibisi ilizama mpaka kwenye mpini na ilivyochomoka ikatoka na unga wa kahawia umelowa. Hilo ng'oa. Linalogoma bisibisi liache kwanza.

Sasa sikiliza hapa maana ndo penyewe. Kinachoozesha hizo ngazi sio mvua ya juu, ni maji yanayotuama nyuma ya mbao, masika yanashuka na mteremko yanakuta taruma limeyazuia, hayana pa kwenda, udongo unakaa umelowa wiki na wiki. Ukirudishia mbao mpya kwenye udongo uleule hata iwe mninga umetupa hela. Chimba chini sentimita 10 hadi 15, shindilia, mwaga kokoto, na nyuma ya kila ngazi jaza kokoto pia, katikati ya kokoto na udongo laza kitambaa cha kuchuja ili udongo usizibe, halafu maji yapate njia ya kutokea pembeni. Kanyagio lilale kidogo kwa mbele, sentimita moja inatosha.

Mafundi wengi wanapenda kuanzia juu, mkatalie, anzia chini kwenda juu kwasababu ngazi ya juu inakalia nyuma ya ile ya chini. Toboa mbao kwa dreli, pigilia nondo ya mm 12 ishuke ardhini kama sentimita 60, kichwa kizame kisije kikachana mtu mguu. Vipimo: kimo cha ngazi mara mbili ukijumlisha na upana wa kanyagio ipatikane sentimita 60 hadi 65, mfano kimo 15 na kanyagio 33 unapata 63. Zote zilingane, mtu anajikwaa kwenye ile moja iliyozidi, hasa usiku umeme ukikatika.

Kununua mataruma mengine ya mtaani mimi siungi mkono. Yale ni miundombinu ya reli, bila karatasi za kueleweka unajitafutia kesi, na yamelowekwa kriosoti, yale mafuta meusi ya lami ya makaa ya mawe, jua la Dar likiwaka yanatoka juu na watoto wanakaa hapo peku. Mimi niliweka kingo za zege kama za barabarani, hata reli ya SGR mataruma yake ni ya zege. Ukitaka mbao lazima, chukua nguzo za paini zilizopigwa dawa, ila ukikata kichwa paka dawa upya pale ulipokata maana katikati dawa huwa haifiki. Na oili chafu wanayokushauri watu usipake, inateleza na mvua inaishusha kwenye mchicha wako.

Yale uliyong'oa usimpe mtu akapikie wala kuchomea nyama, moshi wake ni sumu. Vaa glovu kuyabeba, yatenge mbali na bustani ya mboga, na mwambie kibarua mapema kabla hajayaomba kwa ajili ya kuni maana wataomba tu.